Sauti ya Marehemu, Mikono ya Walio Hai: Uhakiki wa Albamu ya Made in Heaven (1995) kwa Mizani ya Utendaji

Sehemu hii inahakiki albamu ya Made in Heaven ya bendi ya Queen ya Uingereza, iliyotolewa tarehe 6 Novemba 1995, takriban miaka minne baada ya kifo cha mwimbaji wake mkuu, Freddie Mercury. Mercury alizaliwa Unguja tarehe 5 Septemba 1946 kwa jina la Farrokh Bulsara, katika familia ya Kiparsi ambayo baba yake alishika kazi ya fedha katika Mahakama Kuu wakati wa ukoloni. Alisomeshwa shule ya bweni huko Panchgani, India, akarejea Unguja, na mwaka 1964, baada ya Mapinduzi, familia ikahamia Uingereza. Habari hizi hutajwa mara nyingi, na kwa namna mbili zinazopingana. Namna ya kwanza ni ya fahari ya kitalii: tangu mwaka 2019 ipo makumbusho ndogo yenye jina lake Shangani, Mji Mkongwe. Namna ya pili ni ya kumkana: mwaka 2006 sherehe iliyopangwa kuadhimisha miaka 60 tangu azaliwe ilipingwa na jumuiya ya UAMSHO kwa sababu ya mwenendo wa maisha yake, nayo haikufanyika. Katika mvutano huo nyimbo zenyewe zimeachwa kando. Sehemu hii inaziweka mbele na kuuliza swali la kihakiki: rekodi ambazo mwimbaji aliziacha, na ambazo wengine walizitengeneza upya baada ya yeye kufa, ni kazi ya nani, na zipimwe kwa mizani gani?

Mizani iliyochaguliwa ni ya utendaji. Mulokozi (1989), katika makala yake kuhusu tanzu za fasihi simulizi, anaiona fasihi simulizi kuwa tukio linalofungamana na muktadha, na anavitaja vitu vinavyolijenga: fanani, fani, hadhira, tukio lenyewe, mahali na wakati. Ni kweli kwamba mizani hiyo haikuundwa kwa ajili ya santuri. Inaweza kuulizwa kwa haki kama inafaa kupimia sauti iliyonaswa katika utepe wa studio. Hoja ya hapa ni kwamba inafaa kwa sababu inaonyesha kilichokosekana. Wimbo unaoimbwa ana kwa ana huwa na vitu hivyo sita kwa pamoja. Katika albamu ya marehemu vimetawanyika: sauti ni ya mwaka mmoja, ngoma ni za mwaka mwingine, hadhira imeletwa kutoka uwanja wa mbali. Walio hai huviokota na kuviunga. Mhakiki hana budi kutafuta mahali pa kuungia.

Kabla ya kuingia katika albamu, yafaa kuondoa dhana kwamba kuugusa wimbo wa marehemu ni kosa kwa asili yake. Ngoma ya mganda ya ufuko wa Ziwa Nyasa inatosha kuikanusha. Mganda wenyewe ni utengenezaji upya: ulikua kwa kuiga gwaride, ngoma na tarumbeta za majeshi ya kikoloni, na vibuyu vikachukua nafasi ya shaba. Nyimbo zake hazifi na watunzi. Kiongozi akiondoka, mwingine hushika nafasi yake katika mstari, huongeza ubeti, hubadilisha jina la anayesifiwa au anayesutwa, na wachezaji huendelea. Hakuna anayeuliza kama wimbo umeharibiwa. Lakini ipo tofauti moja ambayo haipaswi kupuuzwa. Katika mganda, aliyekufa haimbi. Wimbo wake umeingia katika koo lingine, na kila aliyepo uwanjani analiona koo hilo. Albamu ya marehemu inafanya kinyume: koo linabaki lile lile, na vitu vingine vyote vinabadilishwa kulizunguka. Fanani amebaki, tukio limeondoka. Kwa hiyo ruhusa ambayo jadi inaitoa kwa kiongozi mpya wa ngoma haiwezi kuhamishiwa moja kwa moja kwa mtayarishaji wa muziki aliyekaa mbele ya mitambo.

Yako maneno mawili ya Kiswahili yanayosaidia hapa kuliko istilahi nyingi za kisheria, nayo ni urithi na amana. Mrithi amepata mali, na anaweza kuitumia apendavyo. Aliyekabidhiwa amana hakupata mali, amepata jukumu, na ataulizwa. Albamu ya Made in Heaven ina vitu vya aina zote mbili, na udhaifu wake mkubwa ni kwamba inavichanganya bila kumwambia msikilizaji.

Amana katika Made in Heaven

Mercury alifariki tarehe 24 Novemba 1991 nyumbani kwake Kensington, London, siku moja baada ya kutangaza hadharani kwamba ana UKIMWI. Miezi ya mwisho ya kazi yake aliitumia katika studio ya Mountain, mjini Montreux, Uswisi, kando ya ziwa. Wenzake, hasa mpiga gitaa Brian May na mpiga ngoma Roger Taylor, wamesimulia mara nyingi kwamba alijua hatarudi, na kwamba aliwaomba wampe maneno yoyote ya kuimba, yeye aache sauti, wao wamalizie baadaye. Simulizi hiyo ndiyo uti wa mgongo wa uhalali wa albamu. Ikikubaliwa, na hakuna sababu ya kuikataa, basi Made in Heaven ina kitu ambacho albamu nyingi za namna hii hazina: marehemu aliitaka.

Aliitaka ipi, hata hivyo? Ukiacha marudio ya wimbo wa kwanza, kipande cha sekunde chache na sauti ndefu isiyo na jina inayofunga diski, albamu ina nyimbo kumi. Katika hizo, tatu tu ndizo zenye sauti ya kipindi hicho cha mwisho: “Mother Love”, “A Winter's Tale” na “You Don't Fool Me”. Nyingine zimetoka mbali. “It's a Beautiful Day” ni kipande kifupi ambacho Mercury alikiimba akipiga piano mjini Munich mwaka 1980. “Let Me Live” ilianzwa mwaka 1983 ikiwa jaribio la pamoja na Rod Stewart, ambaye sauti yake haimo tena. “Made in Heaven” na “I Was Born to Love You” zilikuwa katika albamu ya Mercury mwenyewe, Mr. Bad Guy, ya mwaka 1985. “Heaven for Everyone” ni wimbo wa Taylor, ambao Mercury aliuimbia bendi nyingine ya Taylor, The Cross. “My Life Has Been Saved” ulikwisha kutoka mwaka 1989 katika upande wa pili wa santuri ndogo. “Too Much Love Will Kill You” uliimbwa wakati wa kutayarisha albamu ya The Miracle, ukaachwa nje.

Nyimbo hizi saba ni urithi. Kwa hizo hakukuwa na ombi la studio ya Montreux. Baadhi Mercury alikwisha kuzitoa akiwa na nguvu zake, kwa sura aliyoitaka.

Tofauti hii ina uzito kwa sababu ya kile ambacho Mulokozi anakiita wakati. Mpangilio wa albamu unazichukua sauti za miaka kumi na mmoja na kuzifanya saa moja ya kuaga. Msikilizaji anaanza na sauti laini inayoisifu siku nzuri na kudai hakuna wa kuizuia, na kwa kuwa anajua mwimbaji amekufa, anasikia ujasiri wa mgonjwa. Ukweli ni kwamba anamsikia kijana wa miaka thelathini na mitatu, mzima, anayejaribu vidole vyake kwenye piano akisubiri wenzake. Kosa hili si la msikilizaji. Limeandaliwa: kipande hicho kimerefushwa kwa ala za taratibu, kimewekwa mlangoni, na kimerudishwa mwishoni kwa kishindo ili kifunge mzunguko.

Mfano mkali zaidi ni “Too Much Love Will Kill You”. Hapa ala hazikuguswa sana. Rekodi ilikuwa karibu imekamilika. Tena maneno si ya Mercury: yaliandikwa na May pamoja na Frank Musker na Elizabeth Lamers, na yanatokana na misukosuko ya maisha ya May. May mwenyewe aliuimba kwenye tamasha la kumkumbuka Mercury, Wembley, tarehe 20 Aprili 1992, kisha akautoa katika albamu yake. Hata hivyo, mara wimbo huo ulipowekwa katika koo la mtu aliyekufa kwa UKIMWI, wasikilizaji wengi waliusikia kama ungamo lake. Huu ni mtego wa wasifu, na wahakiki wa fasihi ya Kiswahili wanaufahamu: ni mtego ule ule unaomfanya msomaji wa Euphrase Kezilahabi kumwona mwandishi katika kila mhusika aliyekata tamaa. Katika albamu hii mtego umetegwa bila kubadilisha noti hata moja. Imetosha kubadilisha mwaka wa kusikiliza. Hivyo utengenezaji upya hauanzii kwenye mitambo ya sauti. Unaweza kufanywa kwa mpangilio pekee.

“Mother Love” na pengo lililoachwa wazi

Wimbo unaostahili kukaliwa kwa muda mrefu ni “Mother Love”, ulioandikwa na Mercury na May na kuimbwa Mei 1991. Ndiyo sauti ya mwisho ya Mercury iliyorekodiwa. May amesimulia jinsi walivyofanya: anaandika mistari kwenye karatasi, Mercury anaiimba, anaandika mingine. Mdundo ni wa mashine, kwa kuwa hapakuwa na muda wa kupanga ngoma. Katikati ya kazi Mercury aliona wimbo unahitaji kupanda juu zaidi, akaimba sehemu ambayo hata mwimbaji mwenye afya angeihofia. Kisha akasema amechoka, atamalizia ubeti wa mwisho siku nyingine. Siku hiyo haikuja.

Walio hai walikuwa na njia kadhaa. Wangeweza kuukatisha wimbo. Wangeweza kurudia ubeti wa kwanza mahali pa mwisho, jambo jepesi kwa fundi yeyote wa studio. Wangeweza kuokota silabi kutoka rekodi nyingine na kuziunga. Walichofanya ni kwamba May aliimba ubeti uliobaki kwa sauti yake mwenyewe, nyembamba, isiyoweza kushindana na ile iliyotangulia. Msikilizaji anasikia kiungo. Hana haja ya kuambiwa. Sauti moja imeishia njiani na nyingine imepokea mzigo.

Hapa ndipo albamu inapokutana na mganda. Fanani ameondoka, mwingine ameshika nafasi, na uwanja mzima unaona. Tendo hilo linaheshimu amana kwa maana yake kamili, kwa kuwa kilichokabidhiwa kimerudishwa pamoja na upungufu wake. Maneno ya wimbo yanazungumzia mtu aliyechoka anayetamani kurudi katika usalama wa mama, na ni rahisi kuyasoma kama kauli ya Mercury kuhusu kifo chake. Kwa wimbo huu usomaji huo unaruhusiwa, maana wakati wa kuimba na wakati unaosikika ni mmoja.

Sehemu ya mwisho ya wimbo inahitaji tahadhari zaidi. Baada ya ubeti wa May zinaingia sauti za umati wa Wembley, Julai 1986, zikiitikia miito ya Mercury. Halafu kipande cha “Goin' Back”, rekodi aliyoifanya mwanzoni mwa miaka ya 1970 na kuitoa kwa jina la bandia la Larry Lurex. Mwishoni kilio cha mtoto mchanga. Kwa lugha ya mizani yetu, wenzake wamemletea fanani hadhira yake, kisha wakamrudisha nyuma hadi mwanzo. Umati ule ni hadhira ya kweli: kwenye Wembley Mercury alikuwa akiutolea sauti bila maneno, nao ukamrudishia, kwa utaratibu wa mwito na kiitikio ambao mtu wa Mbamba Bay au Liuli angeutambua bila kufundishwa. Kuuweka umati huo mahali ambapo mwimbaji amenyamaza ni uamuzi wenye nguvu, kwa sababu kiitikio kinasikika na mwito umekoma. Kilio cha mtoto ndicho kinachozidisha chumvi. Maneno yalikwisha kusema kurudi kwa mama. Hakukuwa na haja ya kumleta mtoto mwenyewe.

Wapo watakaotaka kuisikia Unguja katika kilio hicho. Mwimbaji alizaliwa huko, na wimbo unarudi kwenye kuzaliwa. Usomaji huo unavutia lakini hauna ushahidi ndani ya kazi. Hakuna ala, lahani wala neno la pwani katika albamu nzima. Mahali pake ni Montreux. “A Winter's Tale”, wimbo wa mwisho ambao Mercury aliutunga peke yake, ni picha ya ziwa na milima wakati wa baridi, na jalada la albamu linaonyesha sanamu yake iliyochongwa na Irena Sedlecká ikiwa kando ya ziwa hilo, sanamu ambayo ilizinduliwa rasmi mjini humo Novemba 1996. Mtoto wa Bahari ya Hindi amemalizia kazi yake kando ya maji baridi. Kumdai kwa nguvu kwamba alikuwa akiikumbuka Shangani ni kumfanyia kile kile ambacho albamu inalaumiwa hapa kwa kukifanya: kumpa marehemu maneno.

Urithi uliofukiwa

Ikiwa “Mother Love” inaonyesha kiungo, “I Was Born to Love You” inakificha. Toleo la mwaka 1985 lilikuwa wimbo wa dansi wa vinanda vya umeme, na lilikuwa la Mercury peke yake. Hilo lilikuwa na maana. Baada ya zaidi ya miaka kumi ndani ya Queen alikuwa ametoka nje ya bendi ili afanye muziki wa kumbi za dansi ambao wenzake hawakuupenda sana, na uzito wa gitaa uliachwa nyuma makusudi. Toleo la mwaka 1995 limeondoa vinanda hivyo, limeweka gitaa zito la May, besi ya John Deacon na ngoma za Taylor. Aidha, limepachika vikorombwezo vya sauti vya Mercury kutoka rekodi za “A Kind of Magic” na “Living on My Own”, kana kwamba aliimba vyote siku moja. Matokeo yanasisimua, haitakuwa haki kukana hivyo. Lakini kihakiki ni wimbo mwingine. Uamuzi wa mtu wa kufanya kazi mbali na wenzake umebatilishwa na wenzake hao, yeye asiweze kujibu, na jina la bendi limewekwa juu yake.

Katika miteremko ya Umatengo, Mapera na vijiji vingine vya Mbinga, kilimo cha ngoro huanza kwa kuyafyeka majani na kuyalaza kwa miraba, kisha udongo hufukuliwa katikati na kufunikwa juu yake. Majani ya zamani hayatupwi, huoza chini na kulisha maharage na mahindi. Mtu anayeitazama miteremko hiyo kutoka mbali anaiona miraba na mashimo. Umbo la kazi halifichiki. Wimbo wa “I Was Born to Love You” wa mwaka 1995 umelishwa na ule wa 1985 kwa namna hiyo, ila shamba limesawazishwa mpaka miraba haionekani. Msikilizaji aliyeanzia hapa hana njia ya kujua kwamba chini yake kuna kitu kilichokwisha kuwa kamili.

“Made in Heaven” yenyewe imepata bahati nzuri zaidi, kwa sababu lahani yake ya mwaka 1985 ilikuwa na ukubwa uliokuwa ukitafuta gitaa. “Heaven for Everyone” imetengenezwa kwa uangalifu na inapita bila kuleta mgogoro. Taylor ndiye mtunzi, alikuwa na haki ya kuurudia. “My Life Has Been Saved” haina la kuzungumziwa zaidi ya kichwa chake, ambacho katika albamu hii kinasikika kama kejeli ambayo hakuna aliyeikusudia.

“Let Me Live” inastahili kutajwa kwa upande wa sifa. Mercury, Taylor na May wanapokezana beti, kwaya ya mtindo wa kanisani ikiitikia. Ni wimbo wa nadra katika kazi za Queen kwa kugawana uongozi hivyo, na kwa kuwa kila mmoja anasikika kwa zamu yake, mpaka kati ya aliyekufa na walio hai uko wazi tangu mwanzo. “You Don't Fool Me” ni mfano mwingine kabisa. Mtayarishaji David Richards aliunga vipande vya mistari ambayo Mercury aliiacha, kukawa na wimbo ambao haukuwapo kabla. Kwa kanuni ngumu ya amana ungeonekana kosa kubwa kuliko yote. Kwa kusikiliza haiko hivyo: ni mdundo mwepesi unaojirudia, na marudio yenyewe yanakiri kwamba malighafi ilikuwa kidogo.

Ulinganishi na albamu nyingine

Kipimo cha uwazi kinaonekana vizuri zaidi Made in Heaven inapowekwa karibu na albamu nyingine za marehemu. Afrika Mashariki, Mbaraka Mwinshehe alipofariki katika ajali ya gari mjini Mombasa Januari 1979, kampuni ya Polygram nchini Kenya ilizikusanya nyimbo zake katika mfululizo wa santuri uliopewa jina la Ukumbusho. Hazikuwa rekodi zilizotengenezwa upya, na kwa hiyo ulinganishi una mpaka wake. Kinachofaa kuangaliwa ni jina. Neno hilo moja linamweleza mnunuzi uhusiano wake na kitu alichokishika: fanani hayupo, hiki ni cha kumkumbukia. Ndivyo pia wasikilizaji wa ufuko wa Nyasa wanavyozipokea nyimbo za Kapteni John Komba, kiongozi wa Tanzania One Theatre na mbunge wao, aliyefariki tarehe 28 Februari 2015. Sauti yake inaposikika kwenye spika, hakuna anayedhani kuna toleo jipya. Made in Heaven ilitolewa kama albamu mpya ya Queen, na ilipanda hadi nafasi ya kwanza Uingereza ikiwa hivyo.

Albamu mbili za Michael Jackson, aliyefariki tarehe 25 Juni 2009, zinaonyesha ncha mbili. Ya kwanza, Michael, ya Desemba 2010, ilikuwa na nyimbo tatu ambazo wasikilizaji, hata baadhi ya ndugu zake, walitilia shaka kwamba sauti ni yake. Shauri lilifunguliwa California, na mwaka 2022 nyimbo hizo ziliondolewa katika majukwaa ya kusikilizia muziki. Hapo kilichopotea ni fanani mwenyewe, na mizani yoyote ya utendaji inavunjika. Ya pili, Xscape, ya Mei 2014, ilichukua nyimbo nane za vipindi tofauti na kuwapa akina Timbaland na Rodney Jerkins wazivishe ala za wakati huo. Kwa ubora wa muziki si albamu kubwa. Lakini toleo lake refu liliziweka rekodi za awali pamoja na zile mpya. Anayesikiliza “Love Never Felt So Good”, aliyoianza Jackson pamoja na Paul Anka mwaka 1983, anaweza kusikia piano na vidole vinavyoalishwa, kisha nyuzi na ngoma za mwaka 2014, na kuamua mwenyewe. Wengi watapendelea piano. Jackson hakuacha amana ya namna ya Montreux. Nyimbo hizo alizizuia akiwa hai. Warithi wake walitumia urithi, wakaacha shimo la ngoro lionekane. Wenzake Mercury walikuwa na ruhusa kubwa zaidi, wakaonyesha kidogo zaidi.

Jambo la mwisho linahusu njia ambayo haikujulikana mwaka 1995, au haikutamaniwa: kutengeneza upya kwa kupunguza. Mwaka 1986 Mercury aliimba wimbo mkuu wa tamthilia ya muziki ya Time, ya Dave Clark, na santuri iliyotolewa ilijaa waitikiaji na ala nyingi. Clark alikumbuka kwamba kabla ya hayo yote palikuwa na sauti na piano tu, akatumia miaka mingi kuitafuta rekodi hiyo. Juni 2019 ilitolewa kwa jina la “Time Waits for No One”. Wingi wa sauti umeondolewa. Piano ilibidi ipigwe upya, na aliyeipiga ni Mike Moran, yule yule aliyekaa kwenye piano mwaka 1986. Sauti inayosikika inakwaruza mahali fulani, inavuta pumzi, na mahali pa juu inakaribia kupasuka. Katika santuri ya kwanza vyote hivyo vilifunikwa na kwaya. Ipo tarehe mbili katika wimbo huo, ya koo na ya vidole, na zote mbili zilitangazwa.